Isafishwe Kabla ya Kuletwa

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu husema nilizaliwa na siafu miguuni, na kwamba hata kanisani, wenzangu wamefumba macho kwa sala, mimi nilikuwa nimeshafumbua jicho moja kuangalia mchungaji amefika wapi. Kwa hiyo wanaonijua wakisikia kwamba kazi yangu ni kusugua vipande vya chuma polepole mpaka visibaki na mkwaruzo hata mmoja, hucheka. Nami hucheka nao, maana kweli inachekesha.

Chumba changu kiko ndani ya karakana moja ya kukereza vyuma huku Changamwe, upande wa barabara ya Airport. Ni chumba kidogo chenye meza ya zege, hadubini, gurudumu la kusugulia linalotiririkiwa na maji, draya ya nywele niliyoinunua kwa saluni iliyofungwa, na kifaa cha kupimia mikwaruzo. Kifaa hicho kina sindano nyembamba sana inayoburutwa taratibu juu ya chuma, ikipanda na kushuka kwenye vijibonde ambavyo jicho haliwezi kuviona, na mwisho wake kinatoa namba. Namba ikiwa ndogo, chuma ni laini. Ikiwa kubwa, chuma kina meno. Balaa ni kwamba sindano haijui kutofautisha kijibonde cha chuma na mtikisiko wa meza. Ndege ikitua, namba inapanda. Trela la makontena likipita, namba inapanda. Basi mimi hupima katikati ya ndege na ndege, trela na trela, nimebana pumzi, nikiuapiza uwanja mzima wa ndege kimoyomoyo.

Hatua kama ishirini kutoka mlangoni mwangu kulikuwa na mashine ya kukereza, na kwenye mashine hiyo alikuwapo fundi. Nitamwita hivyo tu. Alikuwa mzee wa Kidigo kutoka Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko, na pamoja na umbali huo wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Mimi kwetu ni Rabai, kwa hiyo sisi ni watani, na utani hatukuuacha ulale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu? Usiku kucha ulikuwa waukwea mnazi?"

"Nilikuwa chini, mzee, nakungoja wewe ushuke."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha. Nilipofika pale mara ya kwanza nikiwa na cheti changu cha chuo, nilijua majina ya mambo yote na sikujua jambo lenyewe hata moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kukisikiliza chuma kinapokatwa, kujua kwa mlio kwamba kisu kimeanza kuwa butu. Ndiye aliyeniambia, siku nilipovunja sindano ya kwanza kwa kuiteremsha kwa pupa, "Mwanangu, chuma hakina pa kwenda. Waendea mbio nini?" Sindano ile angeweza kunisemea kwa meneja, na hakunisemea.

Sasa niieleze ile kazi. Mteja mmoja mwenye hoteli upande wa Nyali aliagiza shafti kumi na mbili za pampu za maji. Shafti ni ule mti wa chuma unaozunguka katikati ya pampu. Pana sehemu moja juu yake inayokaliwa na sili, yaani pete ya mpira inayozuia maji yasivuje, na hapo ndipo chuma kinapotakiwa kiwe laini hasa. Kikiwa na meno, hata yale yasiyoonekana, kinaitafuna ile pete kama tupa, na baada ya siku chache pampu inalia machozi. Meneja alikuwa na swali moja. Je, shafti zikitoka kwenye mashine ya fundi zinatosha hivyo zilivyo, au ni lazima zipelekwe kwengine zikasagwe kwa jiwe? Kuzipeleka kwengine kulimaanisha kuchelewa, naye alikuwa ameshamuahidi mteja. Akaniambia nipime kipande cha mfano kilichokerezwa kwa mkono uleule na kisu kilekile, nimpe jibu.

Siku hiyo nilikuwa na kazi tatu mezani na hasira moja kifuani. Sampuli iliyokuja kabla ya hiyo ilikuwa imeletwa inachuruzika mafuta, imejaa nyuzi za chuma, ikanichafulia kitambaa changu kizuri cha kung'arishia. Nikachana karatasi kwenye daftari nikamwandikia fundi: naomba sampuli moja ya shafti za pampu, isafishwe kabla ya kuletwa. Neno "isafishwe" nikalipigia mistari miwili, kwa nguvu, ili anayesoma ajue nimekasirika.

Sampuli ilikuja kesho yake imefungwa kwa kitambaa cheupe. Fundi aliileta mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Haya mwanangu. Safi kabisa, kama ulivyotaka."

Kweli ilikuwa inang'aa. Nikaiosha kwa spiriti, nikaipuliza kwa draya ikakauka, nikaiweka chini ya hadubini. Chuma kilichotoka kwenye mashine ya kukereza huwa na mistari iliyojipanga kama matuta ya shamba la mhogo, yote upande mmoja, nafasi sawasawa. Kipande hiki kilikuwa na matuta hayo, lakini juu yake palikuwa na mikwaruzo mingine, myembamba zaidi, iliyokwenda mshazari. Nataka niseme wazi hapa kwamba niliiona. Hapakuwa na giza na wala sikuwa na homa. Niliiona, nikajiambia labda ni kitambaa, na kwa kuwa nilisikia ndege inakaribia na nilitaka nipime kabla haijatua, nikakiondoa kipande nikakipeleka chini ya sindano. Nikapima mara tatu. Namba ilikuwa ndogo, ya kupendeza. Nikaandika ripoti na kutia saini. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kutia saini ripoti za karakana ile, na saini yangu wakati huo ilikuwa na mkia mrefu wa madoido.

Meneja, kijana wa bara, mwepesi wa kuamua, akaisoma akiwa amesimama. "Fiti," akasema. "Hakuna haja ya kusaga. Zitoke."

Zikatoka. Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, zikaanza kurudi.

Meneja aliweka shafti moja mezani kwangu bila salamu. Pampu tatu zilikuwa zimevuja kwa wakati mmoja, hoteli imejaa wageni, na mteja alikuwa amempigia simu akimtukania ukoo. Sikuhitaji hata sindano. Nilipitisha ukucha mahali pa sili, ukucha ukakwama. Lakini meneja alitaka namba, kwa hiyo nikapima. Ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile niliyoiandika kwenye ripoti.

"Pima tena."

Nikapima tena. Trela likapita, tukangoja, nikapima mara ya tatu. Namba haikuona haya, ikabaki palepale. Meneja akafungua mlango akamwita fundi.

Fundi aliingia akijifuta mikono. Chumba chenyewe kidogo, tukawa tumesimama watatu kama watu ndani ya lifti.

"Mzee, ile sampuli ya hizi shafti uliifanyia nini?"

"Niliikereza, kisha nikaisafisha."

"Ukaisafisha na nini?"

"Na msasa. Kwani watu husafishia nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwangu mimi, mtu wa maabara, kusafisha ni kuondoa mafuta na vumbi na kuacha chuma kama kilivyo. Kwa fundi wa kukereza, kusafisha ni jambo jingine kabisa. Kazi ikishakatwa na bado inazunguka, fundi aliyeambiwa asafishe huchukua ukanda wa msasa, akauzungushia kwenye chuma, akaubana kwa vidole mpaka meno ya kisu yalainike na kazi ing'ae. Hiyo ndiyo kusafisha. Nilikuwa nimelisikia neno hilo likitumika hivyo kwenye karakana ile kila siku kwa miaka minne. Nami nilimwandikia mtu wa msasa kwamba asafishe, tena nikalipigia mistari miwili, naye akanitii.

Meneja akacheka kicheko kikavu. "Umesikia? Ati aliisafisha! Mzee, hiyo si kusafisha, hiyo ni kudanganya. Ulipiga msasa sampuli ndio ipite, na hizo zingine ukaziacha vile ziko. Umetucheza."

"Wallahi sikumdanganya mtu. Niliambiwa nisafishe, nami nikasafisha."

"Uliambiwa na nani?"

Fundi akanitazama. Hakuninyooshea kidole, hakunitaja. Alinitazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Hapakuwa na ndege wala trela.

"Mimi nilisema ifutwe mafuta," nikasema.

Ifutwe. Neno moja badala ya jingine. Nililitoa haraka kama ninavyotoa kila kitu, na lilipokwisha kutoka likawa limekaa pale katikati yetu. Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Uliandika ifutwe?" Nami nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu nilishaanza. Karatasi yenyewe haikuwapo tena. Karatasi zote za fundi huishia kufutia mafuta.

"Basi huenda sikusoma vizuri," akasema.

Meneja akamwambia aende nyumbani mpaka jambo liangaliwe. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unipatie ushahidi. Ikate hiyo sampuli, uipige picha, nione huo msasa na macho yangu. Alhamisi niweke kwa faili, nimalizane na yeye."

Kwa hiyo nikapewa siku tatu za kumtengenezea mwalimu wangu kamba, na mimi ndiye niliyetakiwa kuisokota.

Kutayarisha chuma kwa hadubini ukitaka kukiona kwa ubavu si kazi ya kukimbizana. Kwanza unakikata kwa msumeno mwembamba huku maji yakimwagika, kisije kikaungua. Kisha unakisimamisha ndani ya kalibu ndogo na kukimiminia gundi inayokauka ikawa ngumu, ili ukingo wake usibomoke wakati wa kusuguliwa. Halafu unasugua. Unaanza na msasa mkali, unakwenda mwembamba, mwembamba zaidi, na kila ukibadilisha msasa unakigeuza kipande robo mzunguko, ili mikwaruzo mipya ikate ya zamani. Huruhusiwi kusonga mbele mpaka ile ya zamani iishe yote. Unanawa mikono kati ya msasa na msasa, maana chembe moja ya ule mkali ikibaki kwenye kucha itaharibu yote. Mwisho unaking'arisha kwa kitambaa chenye dawa ya unga wa almasi, mpaka ujione uso wako.

Jumanne nilijiona uso wangu na sikuupenda. Nilikuwa nimesugua kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Nilipokiweka chini ya hadubini nikakuta mikwaruzo ya msasa wa pili imepita kifua mbele katikati ya kioo, maana niliuruka kabla ya wakati. Nikarudi mwanzo. Mara ya pili nilikwenda vizuri mpaka mwisho, kisha simu ikalia nje, nikatoka kuipokea, nikazungumza zaidi ya nilivyopaswa, na niliporudi kipande kilikuwa na doa la kahawia. Hewa ya huku kwetu haina adabu. Chuma kilichong'arishwa ukikiacha wazi kidogo tu, chumvi inakikalia. Nikakitupa kipande sakafuni, nikakiokota, nikamwomba radhi Mungu kwa tusi nililolitoa, nikarudi mwanzo tena.

Na kila nilipoinua kichwa nilikuwa naiona mashine ya fundi. Hakuna aliyeigusa. Mafundi wenzake walikuwa wakipita karibu yake na kuzungumza kwa ile sauti ya watu wanaosikitika na kufurahi kwa pamoja. "Kumbe mzee mjanja," mmoja alisema. "Miaka yote hiyo." Nilitaka kutoka nimpige na nyundo. Nilibaki ndani nikabadilisha msasa.

Nilijiambia mambo mengi siku hizo mbili. Nilijiambia mkataba wangu uko karibu kuandikwa upya na kwamba mzee ana nyumba yake, ana minazi yake michache, hatakufa njaa. Nilijiambia kwamba hata hivyo fundi wa miaka yake alipaswa kuuliza. Jambo la ajabu zaidi, na hili linanitia aibu kulisema, ni kwamba kufikia Jumatano nilikuwa nimeanza kuamini kwamba huenda kweli niliandika "ifutwe". Nilikuwa naliona neno lenyewe, kwa mwandiko wangu, na mistari yake miwili chini. Ukilirudia jambo mara nyingi kwenye kichwa kisichotulia, linakuwa.

Jumatano mchana kipande cha tatu kikakubali. Nikakidondoshea tone la asidi ili ukingo ujitokeze, nikahesabu sekunde, nikakiosha, nikakikausha upesi kabla ya chumvi kupata habari. Kwenye hadubini, ukingo wake ulikuwa wazi kabisa. Mahali palipotakiwa kuwa na vilele vikali vya kisu cha kukereza, vilele vilikuwa vimefyekwa, na mabonde peke yake ndiyo yaliyosalia. Huo ni msasa, hakuna mjadala. Nikapiga picha. Meneja angefurahi nayo. Ilionyesha kila kitu isipokuwa aliyeagiza.

Nikavuta daftari niandike ripoti. Lilikuwa daftari lilelile nililochana karatasi ya fundi, na tangu siku ile nilikuwa sijaliandika tena. Nilikuwa sijazima taa ya hadubini, ile ndogo ya pembeni ambayo huiinamisha ili mikwaruzo itupe vivuli, na mwanga wake ukaangukia ukurasa mtupu kwa mshazari. Ukurasa haukuwa mtupu. Ulikuwa na mabonde. Kalamu yangu ya siku ile, kwa hasira zangu, ilikuwa imekandamiza mpaka chini. Nikasogeza taa kidogo. Mistari miwili ikajitokeza kwanza, minene, kama reli. Juu ya mistari, herufi moja moja: i, s, a, f, i, s, h, w, e.

Nilikaa. Ndege mbili zilitua nikiwa nimekaa. Kusoma mikwaruzo ndiyo kazi yangu, nimeapishwa kwayo kwa cheti, na ule ulikuwa mkwaruzo wangu mwenyewe. Sikuweza kujiambia ni kitambaa.

Hata hivyo sikuamka nikaenda moja kwa moja. Nisijipambe. Jumatano hiyo nilirudi nyumbani na ukurasa ule ndani ya mkoba, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mficha uchi hazai, mama yangu hupenda kusema, na nilimshukuru Mungu kwamba siku hiyo hakuwapo akaniambia.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea meneja picha, na juu ya picha nikaweka ukurasa.

"Hii ni nini? Karatasi tupu."

"Iinamishe kwa dirisha, bosi."

Akainamisha. Alichukua muda, maana jicho lake halijazoea. Nikamwona anaifikia ile mistari miwili.

"Isafishwe," akasoma. "Si ulisema ulimwambia ifutwe?"

"Nilisema hivyo. Nilidanganya. Niliandika hivyo unavyoona, na pale nje hilo neno maana yake ni msasa. Na ile siku ya kwanza niliona dalili za msasa kwenye hadubini nikapita nazo. Mzee hakumdanganya mtu."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Meneja hakupiga kelele. Aliuweka ukurasa mezani akaulainisha kwa kiganja, polepole. "Mimi nimemtoa mtu kazini watu wote wakiona," akasema. Kisha akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo ripoti zangu atazitia saini mwengine, mpaka yeye atakapoona vingine, na kwamba kuhusu mkataba tutazungumza. "Na wewe ndio utaenda kumwita. Leo. Si kwa simu."

Nikavuka kivuko saa nane mchana, jua la kuchoma utosi. Kule Shika Adabu niliuliza mara mbili tu, kila mtu anamjua. Nyumba ilikuwa ya matofali ya matumbawe, mlango wazi, pazia la leso. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, nikiyang'arisha.

"Hodi!"

"Karibu." Mke wake alitoka akijifunga leso vizuri, mama mnene mwenye uso wa upole. "Karibu mwanangu. Wewe ni yule Mrabai wa kazini?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Afadhali umekuja." Akashusha sauti, akanisogeza kando ya mlango. "Hebu mwambie aache. Tangu Jumatatu hali vizuri, kazi yake ni kusoma. Achukua pakiti ya unga, ajifunika jicho moja, aisoma. Kisha aja jikoni aniuliza, hapa pameandikwaje? Namwambia. Asema, mbona na mimi nasoma hivyo hivyo? Kisha ageuza jicho la pili. Jana alisoma mpaka sanduku la viberiti. Amenambia hatarudi tena kwenye mashine, ati macho yamemwisha, na fundi asiyeona atamkata mtu vidole."

Maneno yangu yote yakanitoka. Nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba amesafishika, kwamba arudi kazini, kwamba meneja anaomba radhi. Nilidhani nilimwibia siku nne za kazi na jina lake. Sikujua nimempokonya macho.

Alikuwa ameketi ndani, kwenye kiti kilichoelekea dirishani, pakiti ya unga ikiwa juu ya goti. Nilimwamkia, akaitika. Hakunitania. Nikaona nikianza hotuba nitalia, kwa hiyo nikautoa ule ukurasa mkobani nikampa kwa mikono miwili.

"Niliandika isafishwe, mzee. Neno la ifutwe nilikuja kulizua palepale, nilipoogopa. Lisome mwenyewe."

Aliushika ukurasa mbele ya dirisha. Hakuhitaji kuambiwa auinamishe. Aliupindisha kidogo, akaupindisha tena, akafumba jicho la kushoto akasoma, akafumba la kulia akasoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilimwona amelipata neno, maana mabega yalishuka.

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Lakini hakuwa akizungumza na mimi tena. Aligeuza kichwa upande wa mlango, alikosimama mkewe, akainua ule ukurasa juu ili auone kutoka pale.

"Mama, naona," akasema. "Wallahi naona. Niliisoma sawasawa."